Boti ya kuski ya Garuga: kelele ya eksozi ilitokea wapi na tuliipunguzaje

Hiki ni kisa cha boti moja ya kuski, inboard ya zamani ya Marekani, ile ambayo injini inakaa katikati ndani ya boksi na propela iko chini ya tumbo, si zile za autibodi, injini ya kuning'inia nyuma, zimejaa Ggaba na Port Bell hapa Uganda kwenye Ziwa Victoria. Injini ni Ford 351 Windsor, V8 ya lita 5.8, kabureta, pampu ya maji ya ziwa, na mabomba mawili ya eksozi yanatoka ukuta wa nyuma pale tezi. Mwenyewe ni mzee mmoja mstaafu anakaa upande wa Garuga, Kiswahili chake cha pwani kabisa, na boti ni ya wajukuu wake, wakifunga shule wanavutwa kwenye ski asubuhi ziwa likiwa limelala.

Malalamiko yalianza kwa majirani. Jirani mmoja akamwambia mzee boti yako inalia kama lori la mchanga linapanda kilima cha Namirembe, tena saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mzee akanipigia, "Fundi, nitafutie sailensa kubwa." Nikamuuliza, mzee, mwaka juzi ilikuwa na kelele hivi? Akasema hapana, ilikuwa inanguruma vizuri tu, hii ya sasa ni kelele nyingine. Mimi jibu hilo lilinitosha kujua hatuanzi na sailensa. Boti ambayo imekuwa na kelele siku zote inahitaji vitu vya kuongeza, lakini boti ambayo ilikuwa sawa halafu ikaharibika, kuna kitu kimekufa ndani, na ukiifunga sailensa mpya bila kujua kilichoua ile ya kwanza basi umenunua muda tu, itakufa na hiyo.

Kabla sijaenda mbali niseme eksozi hii inafanyaje kazi maana watu wengi wanaifananisha na ya gari na hapo ndipo wanapoteza pesa. Pampu inavuta maji ya ziwa kupitia tundu chini ya boti, maji yanapita kwenye kipoza oili ya gia, yanaingia kwenye injini, halafu yanaenda kwenye manifoldi, ile inayokusanya moshi wa silinda, na yakitoka kwenye raiza, kiwiko cha chuma kilicho juu ya manifoldi, yanamwagwa ndani ya moshi wenyewe. Kuanzia hapo moshi na maji vinasafiri pamoja kwenye hosi nene ya mpira mpaka kwenye sailensa ya faiba chini ya sakafu, halafu nje. Sasa moshi unatoka kwenye injini na joto la zaidi ya nyuzi 500, ukikutana na maji unashuka chini ya 100, na hewa ikipoa hivyo inasinyaa hadi chini ya nusu ya ujazo wake. Kwa hiyo maji yale hayalindi mpira usiungue tu, yenyewe ndiyo sailensa ya kwanza. Maji yakipungua kelele inapanda, na watu hawaunganishi hayo mambo mawili kabisa.

Tuliweka boti kwenye maji pale kwa mzee, nikawasha, nikaiacha ipate joto. Nikapima kwa simu mita moja nyuma ya tezi, urefu wa kifua hivi juu ya maji, ndiyo namna SAE J2005, kipimo cha Marekani cha kelele za boti iliyosimama, kinavyotaka, injini ikiwa sailensi tu, yaani inazunguka polepole bila kuongezwa mafuta. Simu si mashine ya maabara lakini ukipima kwa simu ileile mahali palepale utaona tofauti, na tofauti ndiyo unayoitaka. Ilisoma desibeli 94, 95 hivi. Kwa kulinganisha, majimbo mengi ya Marekani kwa kipimo hicho yanataka isizidi 90 kwa injini za kabla ya 1993 na 88 kwa za baada ya hapo. Kwa hiyo mzee alikuwa amepita hata kiwango cha boti kuukuu, majirani hawakuwa wanazusha.

Halafu nikafanya kitu rahisi sana, nikashika hosi za eksozi kwa mkono, moja moja. Hosi ya eksozi yenye maji ya kutosha unaishika na unaweza kuacha mkono pale. Ya kulia ilikuwa ya uvuguvugu. Ya kushoto niliutoa mkono haraka. Na nyuma, bomba la kulia linatema maji vizuri, la kushoto linatoa mvuke na matone. Basi nikamwambia mzee zima, tumepata pa kuanzia.

Impela ya pampu, lile gurudumu la mpira lenye mapanga linalosukuma maji, tukaifungua, ilikuwa mpya mpya. Nani aliibadilisha? Mzee akasema kuna fundi aliibadilisha msimu uliopita baada ya injini kuchemka. Je ile ya zamani ilitoka mzima? Hakuna aliyejua. Hapa ndipo penyewe, yaani kama kuna kitu kimoja ningetaka kila mwenye inboard akijue ni hiki: impela ikikatika, mapanga yake hayayeyuki, yanasukumwa na maji mpaka yanakwama mahali pembamba pa kwanza, na kwenye boti hii mahali pembamba pa kwanza ni kipoza oili ya gia. Ukibadilisha impela bila kuhesabu mapanga yaliyokatika umeacha kizibo ndani. Tukafungua kipoza, tukatoa vipande vya mpira mweusi pamoja na mizizi ya gugu maji iliyojisokota hapo mpaka ikawa donge. Gugu maji hapa kwetu ni lazima uwaze kila wakati, upepo ukiligeuzia upande wako usiku, asubuhi unawasha injini juu ya majani na tundu la chini linavuta kila kitu.

Lakini kwa nini upande mmoja tu ndio ulikauka? Kwa sababu maji yakiwa machache yanagawana vibaya, upande wenye njia nyepesi unachukua mengi. Raiza ya kushoto ilikuwa na kutu na matope yamebana matundu yake, kwa hiyo maji machache yaliyobaki yalienda kulia. Tukazitoa raiza zote mbili, tukazichokonoa, tukazichemsha kwenye asidi dhaifu na kuzisuuza sana. Bahati nzuri ziwa letu ni maji baridi, chuma cha manifoldi kinadumu miaka mingi, huko pwani kwenye chumvi ningemwambia mzee nunua nyingine na tusizungumze.

Wakati raiza ziko nje nikaona gasketi ya manifoldi ya kushoto ina alama nyeusi za masizi zinatoka nje, yaani moshi mkavu ulikuwa unavujia ndani ya boksi ya injini. Hapo kelele ina mlango wa pili, haipiti kwenye maji wala kwenye sailensa, inatokea pale pale chini ya goti la dereva. Na siyo kelele tu, moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina harufu, haina rangi, na watoto wamekaa juu ya boksi ya injini kwa sababu pana joto asubuhi. Nikamwambia mzee hii siyo habari ya jirani tena. Akanyamaza kidogo, akasema "haya, fanya."

Ukitaka kutafuta uvujaji wa namna hii bila kubahatisha, chukua ile mashine ya kufyonza vumbi, igeuze ipulize, iingize kwenye bomba la nyuma ufunge pembeni kwa tambara, halafu paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Povu linakuonyesha. Usifanye kwa injini ya moto ukapapasa na mkono, utaungua na hutajua kitu.

Sasa sailensa. Tukafungua sakafu, tukatoa ile ya faiba ya upande wa kushoto. Ukiitikisa inacheza, vipande vya ndani vimekatika, na upande wa kuingilia faiba imebabuka imekuwa ya kahawia. Iliungua kwa sababu ilipokea moshi mkavu. Faiba ya resini ya kawaida, ile wanayojengea boti, huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 70 hivi, kwa hiyo kama unapeleka kwa mafundi wa faiba wakutengenezee, na wapo wazuri tu, lazima resini iwe ya kuhimili joto, vainili esta, vinginevyo siku impela itakapokufa tena utarudia hadithi hii hii. Mzee alikuwa ameshanunua sailensa mbili za gari kutoka mjini, za chuma, akaniletea kwa furaha. Nikamwambia pole mzee hizi hazifai. Sailensa ya gari imetengenezewa moshi mkavu, ukipitisha maji kila siku inaoza kwa ndani kutoka kwenye wembamba wa bati, na ikitoboka chini ya sakafu unajaza ngama, tumbo la boti chini ya sakafu, maji na moshi kwa pamoja. Wengine wanasema basi tengeneza ya stenles kule Katwe, Kampala, inawezekana, Katwe wanachomelea kila kitu, ila ndani lazima kuwe na mpangilio wa kuinua maji na kuyaachia, siyo ngoma tupu, na ngoma tupu ndiyo utakayopewa kama hukuwachorea.

Tuliagiza za faiba za boti, mbili, zilichukua muda na ushuru uliuma. Hosi pia tukabadilisha ya kushoto, maana ukiichungulia ndani ilikuwa imevimba na ngozi yake ya ndani imejikunja, njia imekuwa nusu. Hosi iwe ile ya eksozi ya maji yenye waya ndani, siyo hosi ya pampu ya kumwagilia, na klampu mbili kila mwisho.

Baada ya maji kurudi, gasketi na hosi, kabla sailensa hazijafika, tukapima: 91, 92. Sailensa mpya zikaingia: 87. Mzee akafurahi akataka tuache hapo. Lakini kipimo cha kusimama ni kipimo cha kusimama, mimi nilitaka kusikia boti ikiwa mbioni, kwa sababu boti ikisimama midomo ya eksozi iko karibu kabisa na maji na kila wimbi linaiziba kidogo, ikikimbia tezi inabaki wazi na midomo inaelekea ufukweni. Boti inaweza kufaulu ikiwa imesimama na bado ikaamsha Garuga nzima.

Tukamweka kijana kwenye usukani apite mbele yetu kwa mwendo wa ski, mizunguko 3,200 hivi. V8 kwa mizunguko hiyo inapiga mishindo 213 kwa sekunde, upande mmoja mmoja ni kama 107, na haijipangi sawa kwa sababu kwenye V8 hii kuna mahali mishindo miwili ya upande mmoja inafuatana, ndiyo ule mgurumo ambao vijana wanaupenda. Mgurumo wa chini namna hiyo wimbi lake lina urefu wa mita tatu na zaidi, hausimamishwi na sponji. Na pili tukasikia akiachia mafuta inapiga pa-pa-pa nyuma.

Ile pa-pa-pa ilikuwa na sababu mbili. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa hapa ina mgandamizo pungufu kama asilimia 13 kuliko pwani, na kabureta hii ilipangwa kiwandani kwa boti za usawa wa bahari. Kwa hiyo inamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayopata, petroli isiyoungua inaenda kwenye eksozi, ikikuta hewa inapasuka. Hewa ilikuwa inaingia kupitia ile gasketi iliyovuja, tumeshaiziba, lakini petroli bado ilikuwa nyingi. Tukashusha jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, saizi mbili, tukasoma plagi, zikatoka nyeusi zikawa rangi ya chai ya maziwa. Sababu ya pili, taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, ilikuwa imechelewa, mtu aliilegeza distribyuta bila taa ya taimingi, injini ikichelewa kuwasha moto unaendelea kuungua ukitoka kwenye valvu, eksozi inakuwa ya moto zaidi na kelele zaidi. Tukairudisha kwenye alama ya kitabu cha injini. Hapa hatukununua chochote cha maana, jeti tu, na mzee akasema hata petroli anaona imeshuka. Boti ngapi za kabureta zimeletwa ziwani hapa na hakuna aliyewahi kugusa jeti, sijui, ila ninazofungua mimi karibu zote plagi ni nyeusi.

Kuhusu midomo ya nyuma: vibao vya mpira vya kufunikia vilikuwa vimekatika vyote viwili. Kazi yake ya kwanza siyo kelele, ni kuzuia maji. Boti ya ski ikisimama ghafla kumwokota aliyeanguka, wimbi lake mwenyewe linaifuata linapiga tezi, na bila kibao linaingia kwenye bomba kurudi kwenye sailensa, likizidi linafika kwenye silinda na maji kwenye silinda hayabanwi, konrodi inapinda. Tukaweka vipya.

Halafu tukafanya kile ambacho kimepunguza kelele ya mbioni kuliko kitu chochote, viwiko vya kugeuza moshi uelekee chini, vimefungwa kwenye ukuta wa nyuma chini ya jukwaa la kuogelea, ili moshi umwagwe kwenye maji ya propela badala ya hewani. Lakini msikimbilie kuiga kabla ya kusoma hii sehemu. Mdomo ukizama kabisa, injini ikizimwa moshi ulio ndani unapoa, unavuta, na unaweza kupandisha maji. Kwa hiyo tulihakikisha raiza ziko juu ya mstari wa maji vya kutosha, na kila kiwiko kina tundu dogo la kupumulia juu. Na tukafunga geji kupima eksozi inavyobanwa mafuta yakiwa mwisho, tukalinganisha na kikomo cha kitabu cha injini, tulikuwa ndani. Bila geji usifanye, utaua nguvu ya injini na hutajua kwa nini skia wako, yule anayevutwa, hainuki kwenye maji.

Kingine kuhusu viwiko ni kwamba vinasogeza moshi mbali na watu. Nyuma ya boti inayotembea polepole kuna hewa inayorudi ndani, inavuta moshi hadi kwenye viti. Kalifornia tangu 2005 sheria inakataza mtu kushikilia jukwaa la nyuma akiburutwa injini inafanya kazi, baada ya vifo vya kaboni monoksaidi. Wajukuu wa mzee walikuwa wanafanya mchezo huo huo. Viwiko vimesaidia lakini sheria ya boti hii sasa ni moja, injini ikiwaka hakuna mtu kwenye jukwaa, na mzee ndiye polisi.

Mwisho boksi ya injini. Sponji ya zamani ilikuwa imelowa oili inadondoka vipande. Mzee akapendekeza sponji ya godoro, ipo kila duka na ni bei nafuu, nikakataa kabisa, inanyonya petroli na inawaka. Tuliweka ile ya boti yenye ngozi juu na tabaka zito katikati, tabaka zito ndilo linalosaidia kwenye mgurumo wa chini, sponji inashughulika na kelele za juu, ving'ora vya mkanda na mlio wa kabureta kuvuta hewa. Tukaziba pengo la chini linalozunguka boksi kwa mpira, maana pengo la asilimia moja tu ya ukuta linakuzuia kupunguza zaidi ya desibeli 20, hata ukuta uwe wa zege. Njia za hewa za blowa, feni ya kutoa mvuke wa petroli, hatukuziba, na blowa inawashwa dakika nne kabla ya injini, kila mara, petroli haina rafiki.

Kulikuwa na ngurumo nyingine kwenye sakafu ambayo kila mtu aliita eksozi, kumbe ni bushi ya shafti imelika na propela ina panga moja limepinda. Tukabadilisha bushi, propela ikanyooshwa, shafti ikapangwa na gia ndani ya sehemu 3 za elfu za inchi. Haikubadilisha kitu ufukweni lakini kwa waliokaa ndani ilikuwa boti nyingine.

Tulipomaliza, kusimama inasoma 83 au 84, na ikipita mbioni unasikia maji kwanza halafu injini. Jirani bado anasikia asubuhi, nilimweleza mzee sababu: asubuhi tulivu hewa ya chini mara nyingi huwa baridi kuliko ya juu, sauti inapinda kurudi chini badala ya kupotea juu, kwa hiyo saa ile ile ambayo ziwa ni kioo na skia anaitamani ndiyo saa sauti inafika mbali zaidi. Hilo hakuna sailensa ya kulitibu, ni kusogea. Kila ukiongeza umbali mara mbili unapunguza kama desibeli 6, kwa hiyo wamehamisha mstari wao wa ski kutoka karibu na gati kwenda nje zaidi, na wanaanza saa mbili.

Mzee akaniuliza tena wiki iliyofuata kama tunaweza kuongeza sailensa ya tatu mbele ya zile mbili, iwe kimya kabisa. Nikamwonyesha namba ya geji, tumebakiza nafasi ndogo tu kabla ya kikomo, sailensa ya tatu inaimaliza na siku gugu maji litakapobana tena hatutakuwa na pa kupumulia. Badala yake nikamuuzia chujio la maji ya kuingia lenye kifuniko cha kioo, na impela ya akiba.